Vumbi la mbao karakana ya nyumbani: feni, barakoa, vakyumu au mashine ya mfuko?

Umeme ulikatika saa moja na nusu usiku, nikiwa napiga msasa ubao wa mninga wa kichwani mwa kitanda. Mashine ikanyamaza, nikatoa simu mfukoni nikawasha tochi. Kibanda kizima kilikuwa kimejaa ukungu wa kahawia unaoelea taratibu, hauna haraka ya kwenda popote. Jioni nzima nilikuwa nauvuta bila kuuona. Nikatoka kukaa barazani. Umeme ulirudi baada ya dakika arobaini, na kabla ya kuwasha taa nikamulika tena: ukungu umepungua, ila haujaisha. Na barakoa nilikuwa nimeivua tangu mashine iliponyamaza.

Tangu siku hiyo kila kifaa cha vumbi nakipima kwa tochi, usiku, kwa mwanga wa ubavuni. Ni kipimo cha bure, na kimenivunjia imani nyingi. Kibanda changu kiko uani Dar es Salaam, mita 4 kwa 5, dari mita 2.7, mlango mmoja na dirisha moja. Nina msumeno wa duara wa mezani, ruta ya kuchonga kingo, jigisoo ya kukata mikunjo na mashine ya msasa. (Wenzangu wanaiita sanda. Mimi neno hilo karakanani sitaki kulisikia.) Kama eneo lako linafanana na hili, ulinganisho huu utakufaa. Kama una karakana ya vijana kumi na plena (mashine za kuranda mbao) mbili, mahitaji yako ni mengine.

Kwanza tukubaliane adui ni nani. Maranda na pumba unazozoa kwa koleo si tatizo la mapafu. Wafuga kuku wanazifuata wenyewe na viroba. Tatizo ni unga usioonekana. Unywele wa mtu una unene wa kama maikroni 70 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Chembe ya maikroni 10, kwenye hewa iliyotulia, huchukua takriban dakika nane kushuka kutoka usawa wa pua hadi sakafuni. Ya maikroni 2.5 huchukua kama saa mbili, na ndiyo inayofika ndani kabisa ya mapafu. Hapo utaelewa kwa nini ukungu wangu ulinisubiri gizani.

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1995, hasa saratani ya pua na ya matundu ya mifupa yanayoizunguka. Umoja wa Ulaya tangu Januari 2023 unataka fundi asivute zaidi ya miligramu 2 za vumbi la mbao ngumu kwa kila mita ya ujazo, wastani wa saa nane. Nikapiga hesabu ya kibanda changu: mita za ujazo 54, mara miligramu 2, ni miligramu 108. Yaani gramu moja ya kumi, ikielea hewani, inatosha kufikisha kibanda kizima kwenye kikomo. Chumvi unayoibana kwa vidole viwili kutupia mchuzi ni nyingi kuliko hiyo.

Mbao nazo hazilingani. Mninga na mvule zinajulikana kwa kuleta pumu na mwasho, mpingo na mtiki huwasha ngozi za watu wengi. Msindano (paini) wa msitu wa Sao Hill una unafuu kidogo, lakini usiuamini kupita kiasi. MDF, ubao wa kiwandani wa nyuzi za mti zilizoshindiliwa, ndiyo mbaya kuliko zote kwa sababu unga wake ni laini mno na umechanganyika na gundi yenye kemikali ya fomalidehaidi. Mtu anayekata MDF ndani ya chumba anacholala sijui nimwambie nini.

Upepo na feni, au sanduku la filta?

Wengi tunaanzia hapa kwa sababu feni ipo tayari. Feni ya kusimama ukiielekeza usoni inakupoza jasho na inakukorogea vumbi. Tochi ilinionyesha ukungu ukizunguka kibanda kama uji kwenye sufuria. Feni hiyohiyo ukiiweka dirishani ikitazama nje, mlango ukiwa wazi upande wa pili, inakuwa kitu kingine kabisa. Hewa inaingia mlangoni, inapita mezani, inatoka dirishani. Kwa tochi, kibanda kilisafika ndani ya dakika chache badala ya saa nzima.

Kuna kosa ambalo nimelifanya miaka mingi: kusimama upepo ukiwa mgongoni, nikidhani unanisukumia vumbi mbali. Mwili unaukata upepo, na mbele ya kifua panatokea mzunguko wa hewa unaorudisha vumbi usoni. Simama upepo ukupige ubavuni.

Sisi wa pwani tuna bahati ya upepo usiokosa, ila hubadilika. Kusi ikivuma, vumbi langu lote lilikwenda barabarani na hakuna aliyelalamika. Desemba ikaingia kaskazi. Siku ya tatu jirani yangu Mama Rashidi akaja na beseni.

"Baba Salma, hizi shuka leo nazifua mara ya pili."

Nikamwomba radhi, nikazishika: zilikuwa na unga wa mvule kama zimepakwa manjano. Tangu hapo feni ya dirishani haifanyi kazi kaskazi ikivuma hadi nimechungulia kamba ya nguo ya Mama Rashidi. Kasoro kubwa ya feni ndiyo hiyo: haiondoi vumbi, inamhamishia mwingine.

Sanduku la filta linakamata. Mwaka 2020, wakati wa korona, Wamarekani wawili, Richard Corsi na Jim Rosenthal, walisambaza wazo rahisi: chukua feni ya boksi ya inchi 20, ibandike juu ya filta nne zilizosimama kama kuta, ziba mianya kwa utepe. Hewa inavutwa kupitia filta na kutoka juu ikiwa safi. Ukitaka hewa ya kibanda kama changu ipite kwenye filta mara sita kwa saa, unahitaji mita za ujazo 324 kwa saa, na sanduku la namna hiyo linavuka hapo bila taabu. Shida ni filta zenyewe, zile za daraja la MERV 13 (kipimo cha Marekani cha uwezo wa filta kukamata chembe). Nilizunguka Kariakoo siku nzima sikuzipata. Nikaagiza kwa mtu anayeleta mzigo. Jamaa mmoja alijaribu filta ya hewa ya lori na feni ya mezani, feni ikawa inaguna tu: haina nguvu ya kuvuta hewa kupita karatasi nzito ile.

Kati ya hivi viwili, kama una matundu mawili yanayotazamana na huna jirani upande wa chini ya upepo, feni ya dirishani inakutosha. Kama umebanwa na nyumba pande zote, au unafanya kazi usiku madirisha yakiwa yamefungwa kwa ajili ya mbu, sanduku lina thamani yake. Ila hakuna hata kimoja kinachokukinga wewe uliyeinama juu ya mashine. Vumbi linapita puani kwako kabla halijafika kwenye feni wala kwenye filta.

Leso, N95 au barakoa ya mpira

Leso na barakoa ya bluu ya hospitali naziweka kapu moja. Zinazuia maranda yasiingie mdomoni. Hewa inapita pembeni, na unga laini unaifuata. Ukipiga chafya jioni na leso ikatoka na rangi ya mninga, umeshapata jibu.

N95, barakoa ya kutupa ya daraja la Marekani, inazuia asilimia 95 ya chembe ngumu kukamatika, zile za kama maikroni 0.3. Za Ulaya ni FFP2, asilimia 94, na FFP3, asilimia 99. Namba hizo ni kweli iwapo barakoa imegusa ngozi pande zote. Ukivaa miwani na vioo vikaingia ukungu, inavuja juu ya pua. Bana ule waya. Sisi wenye ndevu tuna mtihani wetu: barakoa juu ya ndevu haizibi, na hilo halina mjadala. Yenye vali mbele ni nafuu zaidi kwa joto letu, kwa sababu pumzi inatoka bila kukurudia usoni. Siku mbili za msasa na imeshachoka.

Barakoa ya mpira, ile ya nusu uso yenye filta mbili za kubadilisha, ndiyo niliyoishia kwayo. Filta za P100 zinazuia asilimia 99.97. Ukishaivaa, ziba filta zote mbili kwa viganja uvute pumzi. Ikikubana usoni, imekaa sawa. Bei yake mwanzo inauma, lakini filta zinakaa miezi, na mimi ndani ya mwaka nilikuwa nimeshatumia zaidi kwenye za kutupa. Ubaya wake ni jasho. Mwezi wa pili, saa nane mchana, kidevu kinaogelea. Navua kila baada ya nusu saa, natoka nje kwanza, napangusa, narudi. Na ukiitundika ukutani ikiwa wazi, vumbi linatua upande wa ndani na kesho unalivaa. Mimi naiweka kwenye kopo la plastiki la unga lenye mfuniko.

Angalia rangi ya filta kabla ya kulipa. Za vumbi zina alama ya waridi iliyokoza kwa mtindo wa Marekani, nyeupe kwa mtindo wa Ulaya. Za mvuke wa thina na vanishi ni nyeusi Marekani, kahawia Ulaya. Muuzaji akikuambia ya vumbi inazuia na harufu ya thina, mrudishie.

Kama pesa inatosha kitu kimoja tu mwezi huu, nunua hii ya mpira. Hata ukija kuwa na mashine zote, msasa wa MDF bado utaivaa.

Vakyumu na ndoo, au mashine ya mfuko

Hapa ndipo watu wanapoteza pesa, na nilipoteza zangu pia. Vitu hivi viwili vinafanana kwa nje, vyote vinavuta, lakini kazi zao ni mbalimbali.

Vakyumu, yaani mashine ya kufyonza vumbi kama ile ya zulia, inavuta hewa kidogo kwa nguvu kubwa. Mashine ya mfuko, feni kubwa inayopulizia vumbi kwenye mfuko wa kitambaa, inavuta hewa nyingi kwa nguvu ndogo. Ili maranda yasitulie ndani ya bomba, hewa inatakiwa iende kama mita 20 kwa sekunde. Kwenye bomba la milimita 100 hiyo ni takriban mita za ujazo 565 kwa saa. Vakyumu ya kawaida inatoa kama 200. Ukiichomeka kwenye bomba hilo, kasi inashuka hadi mita 7 kwa sekunde na maranda yanalala njiani. Lakini hizo 200 ukizipitisha kwenye mpira mwembamba wa milimita 35, zinakimbia mita zaidi ya 50 kwa sekunde, na mashine ya msasa yenye matundu chini inabaki safi kabisa.

Kwa hiyo ukiwa na msasa, jigisoo na ruta, chukua vakyumu. Ukiwa na plena, mashine ya mfuko, maana plena inatapika maranda kiasi cha kuziba vakyumu kabla ubao haujafika nusu. Msumeno wa mezani uko katikati. Vakyumu inasaidia kwa chini, ila lile vumbi linalorushwa juu ya meza linakukuta usoni.

Vakyumu peke yake ina ugonjwa mmoja: filta inaziba haraka. Dakika kumi za msasa wa mvule na tayari inalia kama mtoto. Dawa yake ni ndoo. Unapitisha hewa kwanza kwenye koni ya plastiki iliyofungwa juu ya mfuniko wa ndoo ya rangi ya lita 20. Hewa inazunguka kama kimbunga, vumbi linasukumwa ukutani na kudondoka ndooni, na vakyumu inapata hewa iliyobaki na unga kidogo tu. Mimi sikuamini mpaka nilipofungua vakyumu baada ya wiki mbili nikakuta vijiko vichache, wakati ndoo imejaa hadi shingoni. Chagua ndoo ngumu. Ya kwanza ilikuwa laini. Mpira ulipoziba, ilijikunja kama kopo la soda lililokanyagwa, kwa mshindo uliomtoa paka mbio.

Usisahau filta ya vakyumu yenyewe. Vakyumu ya zulia isiyo na filta nzuri inameza pumba mbele na kutema unga laini nyuma, na kwa tochi utauona ukitoka kama moshi. Tafuta iliyoandikwa HEPA, yaani filta ya kukamata unga laini kabisa, na hakikisha mpira wa kuzunguka filta umekaa. Kuweka maji ndani ya tanki, kama wengine wanavyoshauri, kunakamata pumba. Unga wenyewe unapanda ndani ya mapovu na kutoka nao.

Na kama unanunua ya mtumba, soma kibandiko kabla ya yote. Zinazotoka Japani ni za volti 100. Yangu ya kwanza niliichomeka kwenye umeme wetu wa 230 kwa furaha kubwa. Ilipiga ukelele mmoja mzuri sana, kisha harufu.

Mashine ya mfuko ina kasoro inayofichwa na ukubwa wake. Nyingi za bei rahisi zina mfuko wa kitambaa unaozuia chembe za maikroni 30 na kuendelea. Fikiria maana yake: inaokota maranda ambayo yangebaki sakafuni bila kumdhuru mtu, na unga mbaya inaupuliza kwenye usawa wa kichwa chako, saa nzima, kwa feni yenye nguvu ya farasi mmoja. Sakafu inang'aa, mapafu yanalipa. Wenzetu wa nchi za baridi wanalazimika kununua filta ya maikroni 1, kwa sababu wakitoa hewa nje wanatoa na joto waliloligharamia. Sisi joto tunalo la kugawa. Iweke mashine nje chini ya kibati, toboa ukuta, pitisha bomba la PVC la inchi 4 la maji taka, na hewa itoke hukohuko. Mpira wa kukunjika uwe mfupi, usizidi mita mbili hivi, kwa sababu mikunjo yake inaila kasi. Halafu rudi kwa Mama Rashidi na kamba yake, na kelele zake pia, maana mashine hii inanguruma.

Umeme: vakyumu ya wati 1,400 inakula uniti 1.4 za LUKU kwa saa moja, na mashine ya mfuko ya farasi mmoja, wati kama 750, inakula pungufu. Watu wanadhani ni kinyume. Lakini vakyumu unaiwasha pale tu msasa unapogusa mbao.

Onyo moja kwa zote mbili. Vumbi la mbao likijaa hewani linaweza kulipuka likipata cheche, na ndani ya mfuko linaweza kufukuta usiku kucha bila kuonekana. Ukinoa patasi kwa graenda, usielekeze cheche kwenye mpira wa kufyonza. Ukikata ubao wenye misumari, kagua ndoo kabla ya kwenda kulala.

Vitu vya bure

Randa la mkono halitoi vumbi, linatoa maranda. Kipande cha bamba la chuma kilichonolewa, ukikikwaruza juu ya mbao, kinatoa nyuzi nyembamba na uso laini kuliko msasa namba 180. Mbao za mninga zenye nyuzi zinazopishana randa huzing'oa, lakini bamba linazimudu. Kila dakika unayotumia randa ni dakika ya msasa uliyoipunguza.

Ufagio mkavu unarudisha juu kila kilichotua. Nyunyiza maji kwanza, au futa kwa tambara bichi. Na yule mwenye kompresa anayejipuliza nguo jioni mlangoni, anajipaka upya. Vua shati uani, libaki uani.

Ningekushauri nini

Unatengeneza vigoda na rafu mwisho wa wiki, huna msumeno wa mezani: barakoa ya mpira, feni dirishani ikitazama nje, basi. Ukipata pesa nyingine, vakyumu yenye ndoo kwa ajili ya mashine ya msasa. Usinunue mashine ya mfuko hata ukiiona kwa bei ya kutupa.

Unapiga msasa kila siku, hasa MDF au mbao ngumu: vakyumu ya HEPA na ndoo iwe ya kwanza sambamba na barakoa, kisha sanduku la filta liendelee kuwaka saa moja baada ya kufunga kazi.

Una watoto na karakana imepakana na chumba cha kulala: hapo naanza na ukuta. Ziba matundu ya juu ya dari, mlango wa ndani ufungwe kwa mpira pembeni, hewa itoke nje tu. Pitisha kidole kwenye kioo cha kabati la sebuleni asubuhi. Kikiwa na rangi ya mbao uliyokata jana, bado.

Umenunua plena: sasa ndiyo mashine ya mfuko, nje, na bomba fupi.

Mimi bado sijafika huko. Nina barakoa, vakyumu ya volti zinazostahili, ndoo ya pili na feni. Mbao za kuranda nampelekea mwenye plena mtaa wa pili, na kijana wake anafanya kazi hiyo akiwa amejifunga leso. Wiki iliyopita nilimpelekea N95 mbili. Moja kaivaa, nyingine kaiweka mfukoni kwa ajili ya kesho.